Grini katika majira ya kuchipua: tutoboe udongo sasa au tusubiri upate joto?

Mtunza Uwanja

Wakuu, ninaomba ushauri wenu kuhusu grini za uwanja wetu wa gofu, yaani zile sehemu za nyasi fupi sana zenye shimo na bendera, katika wiki hizi ambazo baridi inaondoka na nyasi zinaanza kuchipua. Grini zetu ni mchanganyiko wa Agrostis stolonifera, ile inayotambaa kwa vikonyo juu ya ardhi, na Poa annua iliyojiingiza yenyewe kwa miaka mingi. Nyingi zilijengwa kwa mchanga wenye changarawe chini yake, ila chache za zamani zimekaa juu ya udongo wa kawaida ulioshindiliwa. Kila asubuhi ninapima halijoto ya udongo katika kina cha sentimita 5, na kwa sasa inacheza kati ya nyuzi 6 na 8 za Selsiasi. Poa imekwisha kupata rangi ya kijani, lakini Agrostis bado ina rangi ya zambarau iliyofifia, kwa hiyo kila grini inaonekana kama nguo ya viraka. Katika mabonde madogo ya zile grini za zamani, mahali ambapo maji ya theluji iliyoyeyuka yalituama kisha yakaganda tena, kuna mabaka ya nyasi zilizogeuka njano, na ukizivuta kwa vidole zinang'oka bila kushikilia.

Kamati ya klabu inataka mashindano ya kufungua msimu yachezwe kwenye grini zenye kasi. Baadhi ya wajumbe wanashauri tutoboe udongo mara moja, wakati wachezaji bado ni wachache, ili mashimo yawe yamekwisha kuziba siku hiyo ikifika. Wengine wanasema tusitoboe kabisa mpaka majira ya majani kupukutika, na badala yake tushushe visu vya mashine ya kukata nyasi kutoka kimo cha milimita 4.5 hadi 3. Mimi ninaona hatari katika mapendekezo yote mawili, lakini ningependa kusikia sababu kutoka kwa watu waliozoea kazi hii. Je, mnatumia kigezo gani kuamua siku ya kutoboa, visu vishushwe kwa hatua zipi, na yale mabaka yatengenezwe vipi?

Mizizi Kwanza

Ndugu Mtunza Uwanja, kipimajoto chako kimekwisha kukujibu nusu ya swali. Nyasi za jamii ya baridi, zikiwamo Agrostis na Poa, hukuza mizizi vizuri zaidi udongo ukiwa kati ya nyuzi 10 na 18, ilhali majani yake hupendelea hewa ya nyuzi 15 hadi 24. Ndiyo maana kila mwaka hupatikana kipindi kifupi ambacho mizizi inateremka kwa kasi kabla majani hayajashika mwendo, na mizizi inayopatikana wakati huo ndiyo akiba ya kuingia nayo kiangazi, kwa sababu udongo ukishakuwa wa moto mizizi huanza kufupika hata kama juu grini inaonekana nzuri. Kila kazi ya majira haya ninaipima kwa swali hilo moja: je, inaipa mizizi hewa, nafasi na chakula, au inainyang'anya?

Kwa nyuzi 6 hadi 8 mimi singetoboa. Shimo hupona kwa nyasi za pembeni kulifunika, na nyasi zisizokua haziwezi kufunika kitu, kwa hiyo mashimo hubaki wazi, upepo hukausha kingo zake, na mchanga uliojazwa huoshwa na mvua. Lakini liko jambo zito zaidi ambalo wajumbe wako huenda hawakulifikiria. Poa huamka mapema kuliko Agrostis, kama unavyoona mwenyewe kwa rangi, hivyo mashimo yaliyoachwa wazi katika udongo wa baridi ni zawadi kwa Poa. Ukitoboa mapema kila mwaka, unaibadilisha grini yako polepole kuwa grini ya Poa bila kukusudia. Subiri mpaka kipimo cha asubuhi kifike nyuzi 10 hadi 12 na kudumu hapo kwa siku kadhaa mfululizo, tena uone kikapu cha mashine ya kukata kinapata majani kila unapokata, ishara kwamba Agrostis nayo imeanza kazi. Tarehe kwenye kalenda haina uzito wowote katika uamuzi huu.

Iwapo mashindano yataangukia kabla ya hapo, toboa kwa meno membamba mazima yasiyotoa udongo, ya milimita 6 hivi, kisha pitisha rola. Wachezaji wengi hawatayaona mashimo hayo, na maji na hewa vitapata njia. Halafu mara baada ya mashindano, wakati bado ni majira ya kuchipua, fanya ile kazi kubwa ya meno yenye uwazi yanayong'oa vipande vya udongo. Usikubali kuisukuma mpaka kwenye joto kali, wala usikubali kuiacha kabisa. Meno mazima hayaondoi mabaki ya nyasi zilizokufa yanayojikusanya chini ya majani, na tabaka hilo likinenepa linashika maji kama sponji, uso wa grini unakuwa laini, na mizizi inabaki juujuu.

Ngoja nieleze hesabu yake, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia mbele ya kamati. Jino la milimita 12 linatoa shimo lenye eneo la sentimita za mraba 1.13. Ukiacha sentimita 5 kati ya shimo na shimo kila upande, unapata mashimo 400 katika mita moja ya mraba, na eneo lililoguswa ni asilimia 4.5 tu ya uso wote. Ukibadilisha na kutumia jino la milimita 6 kwa nafasi ileile, eneo linashuka hadi asilimia 1.1 hivi, yaani robo, ingawa kipenyo kimepungua kwa nusu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kutoboa kwa meno madogo mara moja kunatosha anapaswa kuelezwa kwamba atahitaji kurudia mara nne ili kufikia eneo lilelile.

Mchanga nao ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Shimo la milimita 12 lenye kina cha sentimita 7.5 linameza sentimita za ujazo 8.5. Mashimo 400 yanameza lita 3.4, na grini ya mita za mraba 500 inahitaji mita za ujazo 1.7, ambazo kwa mchanga mkavu zinafikia tani 2.5 au zaidi kidogo. Agiza mapema, uufunike usilowe, na uutandaze siku ambayo uso wa grini umekauka, kwani mchanga mbichi hauteremki bali unaziba mdomo wa shimo na kuacha uwazi chini. Shimo lijazwe mpaka juu. Shimo lililojaa nusu hudidimia baadaye, na mpira utaruka juu yake kwa muda mrefu.

Mchanga uwe wa aina ileile iliyotumika kujengea. Grini zinazofuata mwongozo wa USGA, chama cha gofu cha Marekani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1960, huwa na tabaka la mizizi la sentimita 30 juu ya changarawe ya sentimita 10, na ukubwa wa chembe umechaguliwa ili maji yakae kiasi fulani kisha yashuke. Ukiweka juu yake mchanga laini zaidi, unatengeneza tabaka linalokataa kuachia maji, na tabaka la namna hiyo halitoki ila kwa miaka mingi ya kutoboa.

Kuhusu chakula, toa nitrojeni kidogo kidogo, nusu gramu hadi gramu moja kwa mita ya mraba kila baada ya wiki moja au mbili, mara nyasi zinapoanza kukua zenyewe. Dozi kubwa ya mapema huzalisha majani mengi mororo kwa kutumia akiba ambayo ingeijenga mizizi. Wiki ya kutoboa ni tofauti, hapo ongeza kidogo ili kingo zijifunge haraka.

Mkagua Mabaka

Ninakubaliana na hayo yote, nami nitajibu kuhusu mabaka, kwa kuwa maelezo yako yanaonyesha chanzo chake waziwazi. Mwishoni mwa baridi nyasi hupoteza ule ugumu wao wa kustahimili baridi, na Poa huupoteza mapema zaidi. Siku chache za jua zinapoyeyusha theluji, kitako cha mche, pale majani na mizizi vinapokutana, hunyonya maji na kujaa. Baridi kali ikirudi ghafla usiku, maji hayo huganda na kuipasua mimea kutoka ndani. Ndiyo maana mabaka yako yapo mabondeni ambako maji yalituama, na ukichunguza kwa makini utakuta waliokufa wengi ni Poa, huku Agrostis iliyo jirani ikiwa hai ingawa haijapata rangi. Rangi ya zambarau isikutishe. Aina nyingi za Agrostis huwa hivyo kwenye baridi, na hupotea zenyewe udongo ukipata joto.

Kabla ya kugusa kitu, pata uhakika wa kilichokufa na kilicho hai. Ng'oa vipande kwa kile kifaa cha kuchimbia shimo la bendera, kimoja katikati ya baka, kingine pembeni, na kingine mahali pazuri, uviweke ndani ya nyumba dirishani penye joto na mwanga, uvimwagilie kidogo. Ndani ya wiki moja hadi mbili utaona kipi kinatoa majani mapya. Huu ni uchunguzi rahisi sana, lakini unaokoa grini nyingi zisichimbuliwe bure, na pia unakupa kitu cha kuwaonyesha wajumbe kwa macho yao.

Mabaka madogo yatengenezwe kwa kupandikiza. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na kifaa hichohicho kinaweza kutoa kipande chenye nyasi hai kutoka kwenye kitalu cha klabu, au kutoka ukingoni mwa grini ya mazoezi, kikaingia pale penye baka bila kubaki mwanya. Hakikisha kipande kimekaa sawa na uso, kwani kikizidi juu kitakwanguliwa na mashine, na kikididimia kitakuwa bonde jipya.

Mabaka makubwa yanahitaji mbegu, na hapa subira ndiyo kazi yenyewe. Mbegu za Agrostis ni ndogo mno. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo gramu 5 kwa mita ya mraba tayari ni mbegu zaidi ya 5 katika kila sentimita ya mraba. Kuongeza dozi maradufu hakuharakishi chochote, bali kunazalisha miche iliyobanana na dhaifu ambayo magonjwa huipenda. Jambo linaloharakisha ni mbegu kugusana na udongo na kupata joto. Kwaruza uso, toboa vishimo vya kina kifupi vilivyokaribiana, tawanya mbegu, sugua kwa brashi ziingie vishimoni, kisha tandika turubai lenye matundu linalopitisha mwanga na hewa, ambalo hupandisha halijoto ya udongo na kuzuia unyevu usipotee. Lifunue mara kwa mara siku za jua ukague chini yake, maana joto na unyevu vikizidi hualika kuvu. Ukiwa umepanga kunyunyiza dawa ya kuzuia mbegu za magugu zisiote, usiifikishe kwenye mabaka hayo, kwa sababu dawa haibagui kati ya mbegu ya gugu na mbegu uliyoipanda.

Kumbuka kwamba udongo wa hapo umejaa mbegu za Poa za miaka iliyopita, zikisubiri nafasi. Usipopanda wewe, zitajipanda zenyewe. Na usipotengeneza njia ya maji kutoka bondeni, iwe ni kwa kuchimba mfereji mdogo wa mchanga au kwa kusawazisha ukingo wa grini ulioinuliwa na mchanga wa miaka mingi, utakuwa na mabaka hayohayo mahali palepale baada ya baridi ijayo.

Mpenda Ukoka

Ningeomba wasomaji wenye grini za ukoka mseto wasichukue vipimo vilivyotajwa hapa wakavitumia kwao. Ukoka ni nyasi za joto. Hulala udongo unapopoa, na ukuaji wa kutegemewa huanza udongo ukiwa karibu na nyuzi 18. Kwa nyuzi 12, ambazo kwa Agrostis ni neema, ukoka bado haujajiweza, na kuutoboa kwa meno makubwa wakati huo ni kuujeruhi ukiwa hauna nguvu ya kupona. Kazi hiyo hufanywa mwanzoni mwa kiangazi ukiwa unakua kwa kasi. Mbolea nayo isubiri mpaka grini iwe imegeuka kijani kwa sehemu kubwa na hatari ya baridi kali ya usiku imepita, kwa kuwa chipukizi zilizotolewa mapema zikichomwa na baridi mmea unalazimika kuanza upya kwa akiba iliyobaki. Ukiona miduara ya nyasi zilizokufa isiyogeuka kijani wakati sehemu nyingine zote zimeamka, shuku ugonjwa wa kuvu wa Ophiosphaerella. Huo hushambulia mizizi kuanzia majira ya kupukutika, ingawa madhara yake huonekana majira ya kuchipua, kwa hiyo dawa ya kuvu ikipigwa sasa huwa imechelewa.

Mtunza Uwanja

Ninawashukuru sana, ndugu zangu. Vipande vya uchunguzi nimekwisha kuviweka dirishani, na hesabu ya mchanga nitaipeleka kwa kamati kama ilivyo. Limebaki suala la kasi. Nitawaeleza nini wanaotaka milimita 3 siku ya ufunguzi, na je, kuna njia ya kuwapa mpira unaobingirika vizuri bila kuzinyima nyasi majani yao?

Fundi Visu

Njia ipo, nayo huanzia kwenye visu vyenyewe kabla ya kimo chake. Kisu butu hurarua ncha ya jani badala ya kuikata, ncha hiyo hukauka na kuwa nyeupe, na grini hupoteza mwendo hata ikiwa imekatwa chini sana. Kila asubuhi kabla mashine haijatoka, pitisha kipande cha karatasi nyembamba kati ya silinda ya visu inayozunguka na kisu cha chini, kwa urefu wote wa silinda. Kikikatwa safi kila mahali, mashine iko tayari. Kikikunjwa hata sehemu moja, irudishe karakana. Pima kimo cha kukata kwa kipimo chenyewe, kwani namba iliyoandikwa kwenye mashine haitoshi.

Kushuka kutoka 4.5 hadi 3 kwa mkupuo ni kuondoa theluthi nzima ya jani, tena jani ambalo wakati huu ndilo linalolisha mizizi inayokua. Shuka kwa robo milimita, kaa hapo mpaka nyasi zionyeshe rangi nzuri na kikapu kikusanye kiasi cha kawaida, ndipo ushuke tena. Ukifika 3.5 siku ya ufunguzi, umefanya vizuri. Hiyo 3 iache mpaka mashimo ya kutoboa yamezibika, maana kimo cha chini juu ya mchanga mpya kitaumiza nyasi na visu vyako kwa pamoja.

Kasi iliyobaki itafute kwa rola nyepesi, mara 2 au 3 kwa wiki, siku ambazo uso umekauka vya kutosha. Rola hulaza majani na kusawazisha uso, na mpira hupata mwendo bila jani kupunguzwa hata kidogo. Zile grini za zamani za udongo wa kawaida uzihurumie zaidi, kwa sababu zikipitishiwa rola zikiwa zimelowa zitashindiliwa na kukosa hewa. Punguza pia maji. Katika majira haya jua bado ni dogo na nyasi hazinywi sana, hivyo grini inayomwagiliwa kwa mazoea huwa laini, ya polepole na yenye magonjwa. Mwagilia kwa mkono zile sehemu zilizokauka tu.

Wanaotaka kasi wapewe kipimo. Edward Stimpson alibuni kifaa cha kupimia kasi ya grini mwaka 1935, na USGA wakakiboresha katika miaka ya 1970 na kuanza kukigawa kwa klabu mwaka 1978. Ni fimbo yenye mfereji, inayoinuliwa polepole mpaka mpira uanguke wenyewe na kubingirika; umbali uliobingirika hupimwa kwenda na kurudi kwenye sehemu tambarare, kisha hutafutwa wastani. Kipime kwenye grini zote mara mbili kwa wiki, uandike. Nina hakika utakuta tofauti kati ya grini moja na nyingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya unachokitoa na wanachokitaka, na mchezaji hukasirishwa zaidi na grini ya 4 inayokwenda tofauti na ya 5 kuliko na grini zote zinazokwenda polepole kwa usawa. Anza kwa kusawazisha hizo.

Jambo jingine ni mashuke ya Poa, ambayo yakitokea mpira hurukaruka hata grini ikiwa imekatwa sawasawa. Brashi nyepesi mbele ya visu huyainua na kuyakata. Wanaotumia dawa ya kudhibiti ukuaji, trineksapaki-ethili, wasiirudie kwa kuhesabu wiki. Jumlisha wastani wa halijoto ya kila siku kwa Selsiasi kuanzia siku ulipoipiga, na jumla ikifika 200 hivi, irudie. Hewa ikiwa na wastani wa nyuzi 10, hilo huchukua siku 20. Ikiwa nyuzi 20, ni siku 10 tu, na hapo ndipo wengi huchelewa, nyasi zikaruka juu kwa kasi kuliko kabla ya dawa. Usiipige kabisa kwenye mabaka uliyopanda mbegu, wala katika siku zinazotangulia kutoboa, kwa kuwa wakati huo unazihitaji nyasi zikue.

Na usizinyime chakula kwa ajili ya kasi. Grini yenye njaa ya nitrojeni hupata kasi kwa wiki chache, kisha huingiwa na madoa madogo ya mviringo yenye rangi ya majani makavu, ukubwa wa sarafu, ugonjwa wa kuvu wa Clarireedia, na Poa nayo hushambuliwa na anthraknosi, ugonjwa mwingine wa kuvu. Zile nusu gramu alizozitaja ndugu Mizizi Kwanza ziendelee hata katika wiki ya mashindano, zikinyunyizwa kwa maji jioni baada ya wachezaji kuondoka.